Kasuku wa Mpiga Mbiu na Amana Iliyofanya Kazi

Wasimulizi wa habari za kale wanasema, nami sina sababu ya kuwakadhibisha, maana mengi waliyoyasema nimeyaona kwa macho yangu yakiwa yamevaa nguo nyingine, kwamba katika mji wa Zabarani, ulio baina ya milima ya chumvi na jangwa, alitawala Sultani Nuumani bin Harithi, mtu mwema, mpole wa maneno na mkarimu wa meza, ambaye aibu yake ilikuwa moja tu, nayo ni kwamba alichoka upesi kufikiri, na akishachoka alimtafuta mtu wa kufikiri badala yake.

Na mji ule ulikuwa na ajabu yake. Sultani alivaa kidoleni pete ya muhuri, na ndani ya pete ile alifungwa jini aitwaye Zamhariri, naye hakufungwa ili ajenge makasri wala alete sinia za pilau kama majini wa hekaya nyingine, bali alifungwa ili atimize sheria. Sheria yoyote iliyopigwa muhuri wa pete ile, kisha ikatangazwa sokoni kwa sauti ya mpiga mbiu, jini aliitimiza saa ile ile, bila askari na bila jela. Babu yake Nuumani alipokataza watu kupigana sokoni, mkono wa kila aliyenyanyua fimbo ulilegea kama kitambaa kilicholoa, na wauza nyama wakabaki kutukanana tu, jambo ambalo hakuna muhuri uliowahi kuliweza. Lakini sheria iliyopigwa muhuri bila kupigiwa mbiu haikuwa sheria, kwa sababu jini alifungwa asikie kwa masikio, si asome kwa macho.

Mpiga mbiu wa zama zile alikuwa Tamimu bin Shee, mwenye sauti nzito na safi iliyofika hadi kwa wafua shaba, na hao hawasikii kitu. Mkewe alikwisha kufa, na nyumbani alikuwa na binti yake Salha na kasuku wa kijivu aitwaye Fasihi. Kasuku huyu, kwa kukaa kwake bega kwa bega na bwana wake miaka mingi, aliiga sauti ya Tamimu barabara, hata Salha akiwa jikoni akaitwa, hakujua kama anaitwa na baba au na ndege, na mara nyingi alikuja mbio akamkuta ndege.

Jambo jingine mlijue mapema, maana juu yake ndipo hekaya hii inapozunguka. Watu wa Zabarani waliliheshimu neno moja kuliko yote, nalo ni amana. Msafiri yeyote, kabla ya kutoka mjini, alichukua kitu chake cha thamani akakifunga uzi mwekundu, akamkabidhi jirani mbele ya shahidi na kusema, "Hii ni amana," na tangu hapo kitu kile hakiguswi, hakitumiwi, hakiazimwi, mpaka mwenyewe arudi na kuufungua uzi kwa mkono wake. Alikuwako bwana mmoja aliyewekewa kapu la tende, mwenye tende akakawia, na zile tende zikaoza na kunuka hata majirani wakahama, wala yule bwana hakula hata moja. Watu walimcheka sana, lakini binti zake wote waliposwa na watu wa maana.

Basi ikatokea vita vya mpakani, na mume wa Salha akauawa humo akimwacha mjamzito, na hazina ya Sultani ikakauka, na sarafu za mji zikaanza kukatwa kingo na wajanja hata mwanamke akienda kununua unga alihitaji mizani mbili, moja ya unga na moja ya fedha. Sultani akaketi barazani na mawaziri wake, na binti yake Durra nyuma ya pazia kama ilivyokuwa ada yao, akasema, "Enyi watu wangu, mwili wa dola unaumwa, nami sijui ugonjwa wala dawa. Nishaurini."

Waziri mmoja akainama akasema, "Bwana wangu, Mungu akuzidishie umri, yuko Ghalibu bin Sarahani."

Na huyu Ghalibu hapakuwa na asiyemjua. Ndiye aliyekuwa na Nyumba ya Amana, ambayo siku hizi tungeiita benki kubwa, yenye milango ya chuma na matawi katika kila mji penye sultani mwenye shida. Alikuja barazani akiwa na kanzu nyeupe isiyo na darizi hata kidogo, kwa kuwa tajiri wa kiasi kile hana haja ya kuonekana tajiri, akapiga goti akasema, "Ewe Sultani mwenye fadhila, mimi sikuja kutafuta cheo, na Mungu ni shahidi kwamba shughuli zangu zinanitosha. Nimekuja kwa sababu nimeitwa. Mali nimeishi nayo tangu utoto wangu na tabia zake nazijua kama mchunga ngamia azijuavyo tabia za ngamia wake. Ukiniruhusu nikuandikie sheria za fedha na soko, mimi nitaandika tu. Kupiga muhuri ni kwako."

Sultani akafurahi, kwa kuwa tayari alikuwa amechoka, akasema, "Mtu akiumwa humwita tabibu. Mali ikiumwa nimwite nani, kama si huyu?"

Durra akasema nyuma ya pazia, "Baba, tabibu ni sawa aitwe. Lakini tabibu ambaye pia anauza sanda, mimi nitaitazama dawa yake mara mbili kabla sijaimeza."

Mawaziri wakacheka, na Ghalibu akacheka kuliko wote, tena kwa ucheshi wa kweli, akasema, "Bibi mtukufu amesema kweli. Nitazameni mara mbili. Nitazameni hata mara kumi."

Nao wakamtazama, na walichokiona kilikuwa kizuri, lazima niseme, maana mimi si mtu wa kusingizia. Sheria yake ya kwanza iliamuru kila sarafu iliyokatwa irudi katika uzito wake, na Tamimu alipoipigia mbiu, fedha zilinenepa mifukoni mwa watu kama maandazi yanayoumuka, na wanawake waliokuwa sokoni wakapiga vigelegele. Sheria ya pili ilifungua njia za misafara. Mji ukashiba, na Sultani akalala usingizi mzuri. Taratibu wale mawaziri wa zamani wakapumzishwa, na nafasi zao zikashikwa na vijana wasomi waliolelewa katika Nyumba ya Amana, wenye adabu na hati nzuri, wote wakisema kwa namna moja. Sultani alipenda sana ukimya wa baraza jipya.

Kisha Ghalibu akaleta sheria ya tatu, ndiyo hii: "Tangu leo amana isilale. Amana ifanye kazi. Aliyewekewa aitumie kwa faida, na mwenyewe akirudi arudishiwe pamoja na fungu la faida."

Durra akauliza, "Na kitu kikipotea kazini, nani atakilipa?"

Ghalibu akamjibu kwa upole, "Bibi, wakumbuka yule bwana wa tende? Tungekuwa na sheria hii, tende zingeuzwa mbichi, watu wangekula, na mwenyewe angekuta fedha yake imengoja. Je, tunawaonea huruma watu au tunaouonea huruma ni uzi mwekundu?"

Kila mtu akaikumbuka ile harufu. Sultani akapiga muhuri. Tamimu akapanda jiwe la mbiu akatangaza, na alipofika penye maneno "amana ifanye kazi" alitabasamu, maana yalikuwa na mdundo mzuri mdomoni, na nyumbani aliyarudia akivua viatu, na Fasihi akayadaka. Salha alikuwa akipepeta mchele, akasema, "Baba, kwani wewe ukitangaza huwa unayasikiliza?"

"Mwanangu, mimi ni mdomo tu," Tamimu akamwambia, na akaomba maji ya kunywa.

Mwaka ule Sultani akanuia kwenda kuhiji, na Tamimu akawa wa kwenda naye kuutangulia msafara. Ikawapasa, kama wasafiri wote, kuweka amana. Tamimu alikuwa na kitu kimoja tu cha thamani, akamfunga Fasihi uzi mwekundu mguuni, akampeleka Nyumba ya Amana, akasema mbele ya shahidi, "Hii ni amana." Na Sultani naye akaifunga pete uzi mwekundu, akampa Ghalibu mkononi, akasema neno lile lile. Wote wawili walilisema kwa moyo wa zamani. Neno lilikuwa lile lile walilofundishwa na mama zao, na haikuwapitikia kwamba ndani yake kilikwisha kutolewa kilichokuwamo, na kwamba waliokitoa ni wao wenyewe, mmoja kwa muhuri wake na mwingine kwa koo lake.

Durra alilia siku ile akamshika baba yake upindo wa joho, akasema, "Iache kwangu, Baba. Mimi sina milango ya chuma, nina kasha tu." Sultani akambusu kipaji akamwambia asiwe na wasiwasi, mambo hayo yana wenyewe. Salha naye akamuaga baba yake mlangoni, tumbo limekwisha kuwa kubwa, akamwambia, "Ukirudi utakuta tumekuwa wawili."

Msafara ukaenda, na hija ikatimia, na wakarudi salama. Asubuhi walipoukaribia mji, kabla hawajaona hata mnara, upepo ukawaletea sauti ya mpiga mbiu kutoka ndani ya kuta, nzito na safi, ikitangaza sheria. Msafara mzima ukasimama. Sultani akageuka juu ya farasi wake akicheka, "Tamimu, wewe mchawi, umefika kabla yetu?"

Tamimu hakucheka. Alikuwa anaisikia sauti yake mwenyewe ikisema maneno asiyoyajua.

Walipoingia langoni walikuta mji mkavu. Birika kuu la mji, ambalo bibi mzaa bibi yake Nuumani alilijenga na kuliweka wakfu, maji yake yasiuzwe wala yasizuiwe kwa binadamu wala mnyama, lilikuwa limebaki mawe meupe na mjusi mmoja. Habari yake ilikuwa hivi. Sultani alipoondoka, Ghalibu aliona kwamba pete ni amana, na amana sheria inataka ifanye kazi, basi akaipa kazi. Akaandika kwamba maji ya birika, kwa kuwa ni ya watu wote, ni amana ya mji, na kwa kuwa ni amana yawekwe panapowekwa amana. Akapiga muhuri. Mpiga mbiu hakuwapo, lakini sauti yake ilikuwapo, imefungwa uzi mwekundu mguuni. Kasuku akawekwa kwenye roshani inayotazama soko, akatangaza, na jini akainua maji yote birikani kama mtu anavyokunja jamvi, akayaingiza nyuma ya milango ya chuma. Watu walielezwa kwamba ni kwa usalama, na kila mtu alipewa kipande cha shaba kinachothibitisha maji yake, na wengine walivivaa shingoni.

Na yale maji nayo hayakuachwa yalale. Ghalibu alimkopesha sultani wa nchi ya mbali aliyetaka kuotesha bustani za mawaridi mchangani, ambaye aliahidi kurudisha mara mbili. Faida ya mwanzo ilikuja kwa wingi, na Ghalibu akaipokea. Kisha mchanga ukafanya yale ambayo mchanga hufanya, ukanywa yote, na mawaridi yakafa, na sultani wa mbali akaomba radhi kwa barua yenye manukato.

Sultani Nuumani akamwita Ghalibu barazani akasema, "Nirudishie pete yangu."

"Ewe Bwana wangu, iko kazini," akasema Ghalibu, na uso wake ulikuwa na huzuni ya kweli. "Nikiivua sasa katikati ya kazi, mambo yatavunjika. Muulize mwenyewe."

Zamhariri akatoka katika pete, mrefu, mwembamba, wa rangi ya moshi, akasimama kifua kikigusa dari, akasema, "Ewe Nuumani, wewe ulipiga muhuri na mbiu ikapigwa. Amana hurudi kazi ikiisha, na ni nani aamuaye kuwa kazi imeisha, sheria haikusema. Mimi siwezi kusikia ambalo halikusemwa."

Ghalibu akasema, "Maulana, tusitazame nyuma. Nyumba yangu imeingia hasara, na ndani yake mna mahari za mabinti, akiba za wajane, mishahara ya askari wako na vipande vya maji vya kila nyumba. Ikianguka haitaanguka peke yake. Usiku huu huu jiko la mji mzima litazimika. Iko sheria moja ya kuiokoa, nami nimekwisha kuiandika: hasara ya Nyumba ya Amana ni hasara ya mji, na maji yaliyopungua yajazwe kwa maji yaliyobaki mjini."

"Mjini hamkubaki maji," akasema Sultani.

Jini akainamisha kichwa. "Yamebaki, ewe Nuumani. Yamo katika machozi ya watu, na jasho lao, na mate yao. Yamo katika matiti ya mama wanaonyonyesha. Sheria itasema maji yaliyobaki, nami nitayatoa yalipo."

Durra akafunua pazia akatoka nje mbele ya wanaume, jambo asilowahi kulifanya, akasema, "Baba, huyu ndiye aliyeyapoteza. Mnamuuliza yeye tena mahali pa kuyapata?"

Sultani akawatazama mawaziri wake mmoja mmoja, wale vijana wenye hati nzuri, akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Kuna mwingine anayejua kuitengeneza Nyumba ile?" Nao wakajibu kwa adabu kwamba hakuna, wakasema kweli, kwa kuwa kila aliyejua alikuwa amefundishwa humo humo. Na Sultani akafunika uso wake kwa mikono, na Ghalibu akaipiga ile sheria muhuri kwa pete aliyokuwa nayo.

Tamimu alikuwa amesimama mlangoni pa baraza, akayasikia yote. Hakuaga. Alishuka ngazi, na njiani akapita nyumbani, kwa maana tangu afike hakuwa amemwona mwanawe, akamkuta Salha ameketi kizingitini na mtoto mchanga kifuani, mtoto wa kiume ananyonya kwa pupa macho yamefumbwa. Salha midomo ilikuwa imepasuka kwa kiu, lakini maziwa yalikuwa yanatoka. Akasema, "Baba, karibu. Sina hata maji ya kukupa unawe miguu. Muone mwenzako, yeye peke yake mji huu ndiye anayeshiba."

Tamimu akamshika mtoto kichwa. Akatoka akikimbia.

Nyumba ya Amana ilikuwa wazi mchana ule, watu wamejaa mlangoni wakionyesha vipande vya shaba. Tamimu akapenya akapanda hadi kwenye roshani, na watumishi hawakumzuia kwa kuwa walimfahamu na kumheshimu. Fasihi alikuwa juu ya kijiti cha dhahabu, na mguuni uzi mwekundu ungaliko, umechakaa. Tamimu akaita, "Zamhariri, nimekuja kuchukua amana yangu. Uzi ule pale niliufunga mimi."

Jini akajitokeza ukutani kama unyevunyevu. "Uzi nauona. Lakini na huyu yuko kazini."

"Uzi mwekundu haukuwa na maana hiyo."

"Maana yake ya zamani naikumbuka kuliko wewe, nilikuwapo ulipofungwa wa kwanza. Lakini mbiu iliyoibadili niliisikia kwa sauti yako, ewe Tamimu. Ulikuwa unatabasamu."

"Mimi nilikuwa mdomo tu," akasema Tamimu.

"Nami ni mkono tu," akasema jini. "Na huyu ni ndege tu. Na Ghalibu, umemsikia, anaandika tu. Nimetumika kwa masultani wengi, na madhara yote niliyoyafanya sijapata kumwona aliyeyafanya."

Tamimu akaona kwamba limebaki jambo moja. Sheria ilikwisha kupigwa muhuri, ilingoja mbiu, na sauti inayoweza kuipiga ilikuwa katika koo la ndege mmoja mwenye ukubwa wa kata ya kutekea maji. Sheria ya babu yake Nuumani ilizuia mikono sokoni, lakini ndani ya nyumba ya mtu haikufika. Akamshika Fasihi kwa mikono miwili, dole gumba likiwa shingoni, na wala ndege hakupapatika. Alimjua. Aliinamisha kichwa chake ili akunwe kisogoni, kama alivyozoea, akasema polepole kwa sauti ya Tamimu ya zamani, ya mtu aliyerudi nyumbani amechoka na ana furaha, "Salha, mwanangu, njoo ule. Salha, umekula?"

Na hapo vidole vya Tamimu vililegea, bila jini na bila sheria. Miaka yote ya nyumba yake ilikuwa ndani ya koo lile, na sauti ya mkewe pia, ikicheka. Ilikuwa ni kitambo kidogo tu. Lakini kitambo hicho kiliwatosha watumishi, wakamtoa ndege mikononi mwake kwa upole, wakimwita Tamimu mzee wetu, wakamweka ndege ukingoni mwa roshani, na mmoja akamnong'oneza yale maneno.

Kasuku akayatangaza. Soko zima likasikia sauti liliyoiamini tangu siku sarafu zilipopona, na wako waliosema, "Afadhali, ni Tamimu, bila shaka ni jambo la heri."

Wale waliokuwa wakilia waliacha kulia, si kwa kufarijika, ila machozi hayakuwako tena. Ndimi ziligandamana na makaakaa. Mbebaji mizigo akajifuta paji la uso akakuta ngozi kavu kama karatasi. Na kutoka vichochoroni, nyumba hadi nyumba, kilianza kilio cha watoto wachanga, kikavu, cha kukwaruza, hadi mji wote ukawa kilio hicho kimoja, na Tamimu aliyetambua sauti za watu wote wa mji ule alikitambua cha mjukuu wake. Nyuma ya milango ya chuma yakasikika maji yakijaa.

Nyumba ikaokoka. Jioni ile ile, kwa huruma ya Ghalibu, ambaye ni kweli hakuwa mtu katili, ilitangazwa kwamba hakuna atakayeachwa afe, kila nyumba itakopeshwa maji, kwa dhamana. Watu wakapanga foleni, na wengi walimshukuru. Tamimu akasimama na Salha, na Salha amembeba mtoto ambaye sasa hata kilio kilikuwa kimemwishia. Karani alimuuliza ana dhamana gani, na Tamimu, aliyekuwa hana shamba wala kasuku, akatoa kiunoni baragumu lake la mbiu, pembe aliyoirithi kwa babake, akaiweka mezani, na karani akaitia uzi mwekundu.

Akapewa kikombe. Akakiinua kwenye mwanga, akaona kwamba maji yale yana weupe kidogo, kama maji yaliyooshewa mchele, na yana uvuguvugu. Salha akayaona pia. Akasema, "Baba, hayo ni yangu."

"Ndiyo, mwanangu," akasema Tamimu.

"Sasa tumeyakopa?"

"Tumeyakopa."

Akampokonya kikombe akamnywesha mtoto tone kwa tone kwa kidole, na mtoto akanyonya kidole, akafumbua macho, akaishi. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu kwenye hekaya hii sina zuri jingine la kuwapa.

Na kwa kuwa hekaya haikamiliki bila harusi, harusi ilikuwapo. Sultani hakuwa tena na kitu cha kumzuia Ghalibu wala cha kumshukuru nacho, akamwoza binti yake Durra, na taa zikawashwa kuanzia kasri hadi Nyumba ya Amana, na watu wakapewa sharubati kwa mkopo mwepesi. Wanasema bibi harusi alipopelekwa alikuwa na uzi mwekundu mkononi, na kwamba aliufunga yeye mwenyewe, na alipoulizwa ni wa nini alisema anataka tu aone kama yuko atakayekumbuka. Wageni waliusifu, wakidhani ni pambo. Ghalibu akazidi utajiri, na masultani wa nchi nyingine waliposikia jinsi alivyouokoa mji, wakamwita awaandikie sheria zao.

Mafunzo yake, ikiwa mnayataka, ni machache. Mwenye kuweka mali za watu aachwe aziweke, na aulizwe aulizwayo, na ajibu, na asikilizwe hata vizuri. Lakini siku atakapopewa kuandika maana ya maneno, msitegemee tena kumshika kwa maneno hayo, kwa kuwa mtakwenda kudai amana yenu na mtakuta amana ni kitu kingine. Haya nayasema nikijua kwamba Durra aliyasema vizuri kuliko mimi, na mapema kuliko mimi, na hayakusaidia kitu.

Yule mtoto alikua. Alijifunza kutambaa katika kivuli cha ile roshani, mama yake akiwa kwenye foleni, na kasuku juu yao akitangaza asubuhi na alasiri kwa sauti ya babu yake, ambaye yeye mwenyewe tangu siku ile hakusema ila kwa kunong'ona. Siku moja mtoto akasimama wima kwa mara ya kwanza, akishika goti la mama yake, akafungua mdomo kusema neno lake la kwanza, na Salha akamwita babake mbio aje asikilize, kwa kuwa alidhani atasema mama.

Akasema, wazi kabisa, kwa mdundo wake wote, "Amana ifanye kazi." Na watu waliokuwa kwenye foleni wakampigia makofi.